Juu ya Picha za Mahali pa Muziki Mjini Kisangani

Maonyesho ya picha ni jambo geni kidogo katika parokia zetu. Tumezoea kuonyesha kazi za mikono za akina mama, na siku ya shukrani huletwa mbele ya altare ndizi, mihogo na mchele. Lakini picha zitundikwe ukutani ili watu wazitazame tu, bila kuziuza wala kuzibariki, hilo wengi hawajaliona. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa mji huu, ametengeneza picha 34 za mahali ambapo zamani watu wa Kisangani walikusanyika kusikiliza orkesta na kucheza dansi. Padri paroko amempa ruhusa ya kuzitundika katika ukumbi wa parokia. Kabla ya kuzitundika aliniomba tupazungukie mahali hapo pote, picha mkononi, nilinganishe kazi yake na mahali penyewe, kisha nimwambie kweli. Tulizunguka siku nne, kwa miguu, kwa pikipiki na kwa mtumbwi. Nimemwambia kweli, naye amekubali niiandike hapa pia.

Sifa kwanza, maana anazistahili. Mkono wake hautetemeki, na analijua jua la asubuhi mapema, linapoingia kwa ubavu na kuonyesha kila mkwaruzo wa saruji. Katika picha ya 4 utaona ngazi tatu za jukwaa. Ngazi ya kati imelika upande mmoja tu, upande wa ukuta, na ukitazama kwa makini utafahamu sababu: wapigaji walipanda wamebeba vyombo vyao vizito, wakaegemea ukuta wasianguke, na miguu yao ikakanyaga palepale usiku baada ya usiku. Picha ya 11 ni misumari tu, misumari saba katika shina la mwembe. Hapo ndipo zilipofungwa nyaya za taa na za vipaza sauti. Mimi nimepita chini ya mwembe ule mara nyingi sana nisiione. Picha hizi mbili ningezitundika hata nyumbani kwangu.

Lakini picha 29 kati ya hizo 34 hazina mtu hata mmoja. Kuna kuta, sakafu, viti, milango, majani yaliyoota penye nyufa, mtu hakuna. Na chini ya kila picha rafiki yangu ameandika namba na jina la komine, basi.

Nieleze ubaya wa jambo hilo kwa mfano wa mtoni kwetu. Wote twaifahamu lokole, gogo lililochongwa likawa wazi ndani, lenye midomo miwili: mdomo mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Walokele walipeleka habari kwa lokole kutoka kijiji hata kijiji kandokando ya mto, na mwaka 1952 Hugh Tracey alipopita sehemu hizi na chombo chake cha kunasa sauti, aliwarekodi Walokele na jirani zao Watopoke. Mmisionari Mprotestanti wa Yakusu, John Carrington, aliyejifunza kuipiga mwenyewe, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1949 jinsi ngoma hiyo inavyosema. Kilokele ni lugha yenye sauti za juu na za chini, na ngoma hufuata sauti hizo peke yake. Herufi haziwezi kupigwa juu ya mti. Kwa hiyo maneno mengi yasiyohusiana hata kidogo hulia sawasawa. Neno la mwezi na neno la kuku, juu ya ngoma, ni neno moja. Basi mpigaji afanyeje, ili mtu aliye mbali asisikie kuku penye mwezi? Halipigi neno peke yake. Huliongezea maneno mengine yanayolifuata daima, fungu zima, mpaka lisiweze tena kuwa neno jingine.

Picha nayo ni neno moja juu ya lokole. Picha ya ukumbi mtupu yaweza kusema: vita vilipita hapa. Yaweza kusema: watu wamekuwa maskini. Yaweza kusema: muziki umekufa. Na yaweza kusema tu: leo ni Jumatatu, saa moja asubuhi. Rafiki yangu amelipiga neno moja mara 29, akadhani kila mtu atalisikia kama alisikiavyo yeye.

Tuchukue picha ya 7, ambayo aliipenda kuliko zote. Ni baa moja ya zamani katika komine ya Mangobo. Sakafu imepasuka, benchi limegeuzwa miguu juu, bati la paa limeliwa na kutu mpaka anga laonekana. Ukiitazama utasikitika, na utasikitika sana, kwa kuwa imepigwa vizuri. Tulifika pale na picha yetu. Zamu wa mahali, mzee ambaye kila mtu humwita Papa, akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaigeuza kuona kama nyuma yake kuna kitu, kisha akamwuliza rafiki yangu, "Ulikuja siku gani?" Rafiki yangu akajibu kwamba alikuja Jumatatu asubuhi.

"Mwanangu," akasema Papa, "Jumatatu hapa tunaosha. Ndiyo maana benchi liko juu."

Akafungua chumba cha nyuma kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Ndani mlikuwa na magitaa mawili, ngoma, na vipaza sauti virefu kama mtoto wa miaka kumi. Kanisa moja la uamsho limepanga mahali pale, nao husali Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Ninayo maneno yangu na wahubiri wa namna ile, hasa juu ya sadaka wanazodai, lakini hayo si ya leo. Tulirudi Ijumaa jioni tukasimama nje, penye ukuta. Wimbo wa sifa ulipokaribia kwisha, mpiga gitaa, kijana wa miaka kama 20, akaingia katika sebene: vidole juu ya nyuzi nyembamba, mbio, bila kupumzika, namna ileile baba zetu walivyosikia juu ya sakafu hiyohiyo wakiwa na chupa mkononi. Akina mama wakaacha mabenchi. Bati lenye kutu lilitetemeka. Picha ya 7 haikusema uongo juu ya bati. Ilisema uongo juu ya benchi.

Sidai kwamba rafiki yangu alikusudia kudanganya. Ametazama tu kama mji huu ulivyozoea kutazamwa. Mpolandi Casimir Zagourski, aliyefika Léopoldville mwaka 1924 akafungua nyumba ya picha, alizunguka Kongo na nchi jirani, akapiga picha nzuri mno, akaziuza kama kadi za posta, na mfululizo ule akauita Afrika inayotoweka. Wajukuu wa hao waliokuwa wakitoweka leo wanaendesha pikipiki mbele ya posta yetu na kupandisha nauli mvua ikinyesha. Mwezi wa Novemba 1964 magazeti ya ulimwengu yalichapisha picha za Stanleyville, kama mji ulivyoitwa mpaka mwaka 1966, nazo zilikuwa picha za maiti barabarani. Mwaka 1979 V. S. Naipaul alitoa hadithi juu ya mji ulio penye pindo la mto mkubwa. Jina la mji hakulitaja, lakini kila msomaji aliutambua, na nusu ya mji ule ni magofu yaliyoliwa na majani. Mambo hayo hayakuzuliwa yote. Walakini ubaya wake ni kwamba mtu akifika hapa na kamera anajua mapema anachokitafuta: kuvu. Na mtoto wa mji naye, siku anapopata kamera, hutafuta kuvu ileile, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiona katika vitabu.

Ziko njia nyingine, na wenzetu wa nchi hii wamezipita. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 akafa Kinshasa mwaka 1997, aliingia katika baa za Léopoldville na kamera yake usiku, wakati baa ni baa. Picha zake si zote za kuonyesha watoto. Lakini ndani yake watu wanatoka jasho, wanacheka, viatu vyao vimepigwa rangi, na huwezi kukosea ukadhani unatazama gofu. Sammy Baloji wa Lubumbashi alifanya kazi ngumu zaidi. Katika picha zake za mwaka 2006 zinazoitwa Mémoire alichukua mitambo ya shaba iliyosimama, yenye kutu kama bati letu la Mangobo, akabandika mbele yake watu waliotoka katika picha za zamani za wakati wa Wabelgiji: wafanyakazi katika mstari, watu wenye minyororo shingoni, mabwana wenye kofia. Mara mtazamaji hawezi tena kusema "jengo bovu" na kwenda zake. Analazimika kuuliza nani alijenga, nani alilipwa, nani hakulipwa. Sikumwambia rafiki yangu aige, maana kazi ya Baloji ni ya Baloji. Nilimwambia aone jinsi wale watu waliosimama wanavyolidai jengo lijibu.

Picha za Depara zilikuwamo mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo huko Paris, yaliyoitwa Beauté Congo, na humo watazamaji walisikilizishwa nyimbo pia. Rafiki yangu angependa kufanya vivyo hivyo kwa kipaza sauti. Mimi nasita. Ukumbi wetu una mwangwi mbaya, kama wajuavyo wote waliowahi kukaa nyuma siku ya konseri ya korale.

Uwanja wa mpira wa Lumumba sitaukawilia. Picha tatu za majukwaa matupu ya saruji, na saruji ya uwanja ni moja dunia nzima. Lakini uwanja wa mbele ya posta una picha ya 19, mojawapo ya zile tano zenye watu. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta katika mji huu kabla ya kuingia siasa, na hata leo watu wakitaka kuimba, kudai au kushangilia huelekea pale. Rafiki yangu amewapiga vijana wanne wanaobeba kipaza sauti kimoja, kila mmoja ameshika pembe yake, kama watu wanaobeba jeneza, ila wanacheka. Konseri haijaanza. Hakuna anayeimba. Hata hivyo ukiitazama picha hiyo unangoja.

Tukavuka mto kwenda Lubunga. Huko zimo picha nne, na kati ya hizo mbili ni za reli yenye majani. Reli ile ya kwenda Ubundu, kilomita 125, ilimalizika mwaka 1906, na nadhani kila mgeni aliyevuka mto ameipiga picha. Ina uhusiano gani na mahali pa muziki? Rafiki yangu akajibu kwamba orkesta zilisafiri kwa reli. Ni kweli, zilisafiri pia kwa meli na kwa lori. Nilimshauri aziondoe zote mbili. Mtu mmoja ameshaitumia reli hiyo vizuri zaidi: Faustin Linyekula, mchezaji dansi aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, ambaye kikundi chake, Studios Kabako, kilianza Kinshasa mwaka 2001 na kuhamia Kisangani mwaka 2006. Katika mchezo wake Le Cargo, wa mwaka 2011, husimama peke yake jukwaani na kusimulia safari ya kurudi kwa njia hiyo ya reli mpaka Obilo, kutafuta ngoma za utoto wake. Hakuleta picha ya majani; alileta miguu yake, akacheza.

Sasa nije kwa manung'uniko, maana yapo. Mama mmoja alinisimamisha baada ya Misa akasema, "Mwalimu, katika ukumbi ule watoto wetu hufundishwa Komunyo ya kwanza. Mtaweka picha za baa?" Swali lake si la kipumbavu, na wanaomcheka wanakosa. Sote twajua nyumba ambamo mshahara haukufika, kwa kuwa ulipita baa kwanza. Twajua binti walioharibiwa maisha huko, na waume waliorudi alfajiri na mikono mizito. Katekista akisema baa ilikuwa shule ya fadhila, asisadikiwe.

Lakini kupatazama mahali si kupasifu. Tena, mpaka kati ya ukumbi wetu na baa haukuwa mnene kama tunavyodhani. Wapigaji wengi wa kwanza wa Kongo walijifunza kuimba sauti nne katika korale za misioni, na kupuliza tarumbeta katika fanfare za misioni. Walitoka kwetu wakaenda kule. Baadaye wengine walifuata njia hiyohiyo kinyume. Mwaka 1958 huko Kamina Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliongoza Missa Luba, na watu wa Ulaya wakashangaa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa Konstitusyo juu ya Liturujia, iliyoagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, na leo tunacheza kuzunguka altare wakati wa Utukufu. Mdundo tunaouchezea Utukufu haukuletwa na meli kutoka Ulaya. Sehemu yake ilitoka vijijini kwa mababu. Na sehemu yake, tusione haya, ilitoka Mangobo, Jumamosi usiku, ikapanda altareni Jumapili asubuhi katika vidole vya mtu yuleyule. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa wanadamu. Ulimwengu umeikubali, je, sisi tulioilea tutaona aibu kuitazama sakafu yake?

Hayo nilimwambia yule mama, naye hakuridhika. Basi nikamwomba aje, na aanze na picha ya 30.

Picha ya 30 si ya rafiki yangu. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, ya mwaka 1974. Siku zile wapiga picha walizunguka katika baa na taa zao za kumulika, wakapiga watu, na juma lililofuata wakarudi kuwauzia. Mwaka ule kamera za dunia nzima zilikuwa Kinshasa: Septemba kwa tamasha la muziki, alipoimba James Brown, na Miriam Makeba, na Abeti Masikini wetu aliyezaliwa mji huu mwaka 1954, Oktoba kwa ndondi za Muhammad Ali na George Foreman. Hapa Kisangani mpiga picha mmoja asiyejulikana tena aliwamulika wasichana wawili waliovaa vitenge, katikati ya sakafu, na nyuma yao mdomo wa tarumbeta. Msichana wa kushoto amesimama, anatazama kamera, anajua kuwa yu mzuri. Wa kulia hakungoja. Alikuwa katika mchezo, na mkono wake na nusu ya uso wake vimekuwa kama moshi mweupe.

Yule wa kushoto yu hai. Leo ni bibi wa wajukuu wengi, na katika Lejio ya Maria hakosi mkutano. Jina lake silitaji hapa. Ndiye aliyemwazima rafiki yangu picha, naye rafiki yangu akaikuza vizuri, kisha akakata kipande cha kulia. Sababu yake ni ya kifundi: nusu ile haikutulia, haisomeki, inaharibu.

Kwa maoni yangu nusu ile ndiyo picha. Katika maonyesho yote, kati ya kuta zote zile na viti vyote vile, kitu kimoja tu kinapiga kelele, nacho ni ule mkono uliogeuka moshi. Ukiutazama, unajua kwamba ngoma ilikuwa inalia, tena ilikuwa inalia upesi. Msichana wa kushoto anatuonyesha sura yake, lakini wa kulia anatusikizisha wimbo.

Hata hivyo si maoni yangu yaliyoamua jambo. Tulikwenda kwa Mama na picha iliyokatwa. Alivaa miwani yake, akaitazama kwa muda mrefu, akasema kwa upole kabisa, "Ukimkata, nirudishie picha yangu."

Kisha akatueleza. Yule wa kulia alikuwa rafiki yake tangu shule ya masista. Alikufa zamani, hakuacha mtoto, na kaburi lake halionekani tena. Picha nyingine yake haipo. Nyuma ya ile picha ndogo majina yao yameandikwa kwa kalamu, lakini majina ya ubatizo hayamo, maana mwaka 1972 Rais Mobutu aliagiza raia wayaache majina ya Kikristu na kuchukua ya mababu. Kadinali Malula alipinga, ikambidi akae Roma kwa miezi kadhaa. Wasichana walikuwa na majina mawili: moja la karatasi, na moja ambalo mama zao waliendelea kuwaitia jikoni. Mama akatoa masharti. Picha itundikwe nzima. Chini yake jina la rafiki yake liandikwe lote. "Wa baa walimjua kwa jina lile," alisema, "na Mungu anamjua kwa lile la ubatizo. Andika yote mawili, asipotee njiani." Tena akataja baa, na mtaa, na orkesta iliyokuwa ikipiga usiku ule, na wimbo, akauimba kidogo, mikono ikiwa juu ya magoti, mpaka mjukuu wake akatoka ndani kuona kuna nini.

Hilo ndilo fungu zima la maneno ambalo mpigaji wa lokole huliongezea neno lake. Rafiki yangu aliandika kila kitu, naye tangu siku ile amenunua daftari. Amerudi kwa Papa wa Mangobo. Amerudi kwenye mwembe wa misumari saba, na mwenye kiwanja amemtajia mtu aliyezipiga saba zote, fundi wa umeme, Mkristu wa parokia hii hii. Kwa picha 12 amekwisha kupata maneno ya kutosha. Kwa nyingine hakuna aliyekumbuka kitu, au waliokumbuka walibishana. Nimemshauri atundike 20 tu badala ya 34, na zile zisizo na mtu wala neno azirudishe sandukuni zingoje mashahidi. Shauri hilo limemuuma, maana kila picha ameilipia karatasi na wino. Amezitoa reli mbili na majukwaa matatu ya uwanja. Zaidi ya hapo anasitasita.

Imebaki picha ya 34. Ni ukuta wa ukumbi mmoja wa dansi katika komine ya Tshopo, nao una tundu ambalo kichwa cha mtu hupita. Lilitobolewa mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana kwa siku sita, tangu tarehe 5 hata tarehe 10, ndani ya mji usio wao. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia 760 waliouawa. Wenyeji wengi husema walizidi 1,000. Mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa hasara za miaka ile ya vita, zikiwamo za mji huu. Picha yenyewe ni ya haki na ni nzuri. Hakuna kitu ndani yake ila ukuta, tundu, na mwanga unaopita katikati ya tundu ukaanguka sakafuni mahali palipochezwa.

Juu ya hiyo bado hatujapatana. Rafiki yangu anataka iwe ya mwisho kabisa, karibu na mlango, ili watu watoke nayo machoni. Mimi nasema mgeni atatoka nayo akithibitisha alichokuja nacho, na mtu wa Kisangani hahitaji kukumbushwa siku zile sita na mlango wa ukumbi. Nimemwomba aiweke katikati, upande wa dirisha, na chini yake aandike tarehe zote na hesabu zote, pamoja na majina ya waliokuwa wakipiga muziki humo kabla ya siku hizo; na penye mlango awaweke wasichana wawili. Amesema atafikiri. Misumari imekwisha kununuliwa, na Jumamosi vijana wa korale watakuja kuhamisha mabenchi. Yule mama aliyenisimamisha baada ya Misa naye amesema atakuja; hakusema atapenda.